Kitanda cha Ziwa Msole

Nikiri mapema kabla hamjanikamata. Mara ya kwanza kuisimulia habari hii, kwenye msiba mmoja kule Laela, niliwaambia watu kwamba Gaudensia Kapele aliula udongo wa ziwa kwa sababu ya uchungu. Watu wakapenda, wakatikisa vichwa, mmoja akaniongezea chai. Nilidanganya. Gaudensia hakuwa na uchungu wowote asubuhi ile. Aliula kwa mazoea, saa nne, katikati ya umbea, kama mtu anavyodokoa karanga.

Ilikuwa hivi. Katika Kituo cha Kufufulia Maziwa, kwenye baridi ya Ufipa, kulikuwa na meza moja ndefu ya bati. Upande mmoja ulikuwa wa kazi, upande wa pili wa chai, na hapo katikati hapakuwa na mpaka ila heshima. Kalista, fundi wa mashine, alikuwa na mimba ya miezi saba, na kopo lake la pemba lilikuwa mezani kama kawaida. Pemba hii hii ya sokoni, udongo wa kijivu uliokaushwa, ambao mwenye mimba anautafuna mpaka majirani wanasikia. Gaudensia hakuwa na mimba. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, diploma ya uvuvi, na wajukuu wawili. Lakini pemba aliianza na mimba yake ya kwanza na hakuwahi kupata sababu ya kuacha.

"Mama Gau, mimi nina kisingizio," Kalista alikuwa anamwambia. "Wewe je?"

"Nakusindikiza, mwanangu. Mtu akiachwa ale udongo peke yake anaonekana kichaa."

Akanyoosha mkono bila kuangalia, akachukua kipande, akakitia mdomoni.

Pemba ya sokoni ina ladha ya mvua ya kwanza. Hiki kilikuwa na ladha nyingine. Gaudensia alitafuna mara moja, mara mbili, na umbea ukamkatikia njiani. Mdomoni mwake palikuwa na matete yaliyolowa. Palikuwa na magamba ya samaki, na moshi wa mbali, na yale maji ambayo mama yake alikuwa anammwagia kichwani kwa kata, yeye akiwa wa miaka mitano, akilia kama anachinjwa. Miaka thelathini na moja hakuwa ameyaonja maji hayo. Hakuna aliyeyaonja.

"Mama Gau? Umejing'ata?"

Alikuwa anaangalia mkono wake umetokea wapi. Kopo la pemba lilikuwa kushoto. Mkono ulikuwa umetokea kulia, kwenye trei ya kazi, ambako visahani vya tope vya duara vilipangwa kwa mstari, kila kimoja na kibandiko chake. Mstari ulikuwa na pengo moja. Kibandiko kilichobaki mjane kilisomeka: MSOLE, SENTIMITA YA 8.

Gaudensia akavuta glasi ya maji iliyokuwa karibu na kutema kilichokuwa mdomoni. Maji yakawa ya kijivu.

"Kingine nimeshameza," akasema.

Kalista akaangalia trei, akaangalia glasi, akamwangalia mama mtu mzima mwenye tope kwenye meno. "Kisahani kimoja ni mwaka mmoja wa ziwa, Mama Gau. Umemeza kama nusu. Una miezi sita tumboni, mimi saba." Akashika kiuno. "Tutajifungua pamoja."

Wakacheka mpaka Gaudensia akalazimika kukaa. Lakini alipokaa vidole vyake vikaanza kuhesabu vyenyewe mapajani. Tope la Msole lilikuwa likitua chini kwa sentimita moja kila mwaka. Visahani vilikatwa kutoka kwenye mchi mmoja wa tope, uliochimbwa mwaka ambao ziwa lilikufa. Sentimita ya nane kutoka juu ni miaka minane kabla ya hapo. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili.

Ulikuwa mwaka aliokufa kaka yake Ponsiano. Vidole vikasimama.

*

Daktari Mgaya, mkurugenzi, hakufoka. Alikuwa mtu wa Njombe, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukunja karatasi vipande vidogo wakati akiwaza.

"Visahani vimebaki tisini na tisa," alisema. "Na tope lenyewe ni maiti, wote tunajua. Ila kuanzia leo chai inywewe nje. Na wewe Gaudensia, ukiumwa tumbo, uandike ripoti."

Kweli walilijua kuwa ni maiti. Mto uliokuwa unaingia Msole ulikuwa umegeuzwa kwenda kunywesha miji. Ziwa likakauka. Halafu ikaja kampuni moja ikakwangua sakafu ya ziwa kutafuta chumvi za betri, ikakwangua mpaka kwenye mwamba, kama mtoto anayekwangua ukoko. Siku chache kabla ya matingatinga, mtu mmoja mwenye akili alipiga bomba kwenye tope akatoa mchi wa mita moja, akaufungia kwenye gesi ya usingizi. Ndani ya gesi hiyo chenye uhai husimama pale pale kilipo, kama saa iliyotolewa betri. Wataalamu wa baadaye walijaribu kuuamsha mchi kwa maji ya mvua, maji ya mtungi, maji yenye dawa. Kimya. Wakaandika "umekufa", wakaukatakata, wakauweka kwa ajili ya kusomwa tu.

Sasa mto ulikuwa unarudishwa. Serikali mpya, hesabu mpya. Baada ya siku mia moja maji yangeingia. Lakini maji peke yake siyo ziwa, ni bwawa la kuogea tu. Ndiyo maana kulikuwa na Tangi Mama.

Tangi Mama lilikuwa la kioo, urefu wa mita tatu, limekaa katikati ya ukumbi kama jeneza la mfalme. Fundi analitandikia kitanda, anapanda mimea, anatia maji, anaacha siku tisini viumbe vizoeane na kugombana na kuzaana. Siku ya tisini mashine inayoitwa Mwiga inalisoma tangi lote, jani kwa jani, mdudu kwa mdudu, halafu inaliiga. Inatoa vidonge vidogo kuliko uwele, mabilioni, vinamwagwa pamoja na maji ya mto. Kilichokuwa kwenye mita tatu kinakuwa kwenye kilomita sitini. Mwiga haina zuri wala baya. Ukiisahaulia kijiko ndani ya tangi, utakuwa na ziwa la vijiko. Kule kwenye Ziwa la Tegu, ziwa la kwanza kufufuliwa, fundi alidondosha mbegu ya nyanya. Wavuvi wa Tegu mpaka leo wanatoa nyavu na nyanya.

Kwa hiyo kila kitu kinaanzia chini. Kwenye kitanda. Na ilikuwepo sheria: kitanda cha ziwa kinawekwa na mtu aliyezaliwa kando ya ziwa hilo, kwa mkono wake na uamuzi wake, ili siku za mbele asije mtu akasema tulitandikiwa na wageni. Mkurugenzi anashauri. Mzaliwa anaamua. Wazaliwa wa Msole walikuwa wametawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Mwenye cheti cha kazi hii alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa na tope kwenye meno.

Daktari Mgaya akamwekea mabeseni mawili mbele.

"Haya, mama. Sema."

Gaudensia akatia mkono kwenye beseni la kwanza, akauinua, mchanga ukapita katikati ya vidole. "Mchanga wa mto. Msafi, unapendeza, hautii maji uchafu. Lakini ni gesti isiyo na jiko. Mmea unapata pa kulala, asubuhi unaondoka na njaa."

Akahamia la pili. Yalikuwa magololi madogo meusi ya udongo wa kuchoma, ya kiwandani, yanang'aa. "Haya nayo ni ubwabwa wa nazi. Chakula kimo ndani, hewa inapita katikati, hayabomoki. Mizizi inayapenda. Mwezi mmoja maji yanakuwa kioo."

"Basi tumemaliza," Daktari akasema. "Magololi. Mimea tunaagiza maziwa mengine, samaki vilevile. Ziwa safi, halina historia. Una siku kumi za kukamilisha kitanda." Kisha akatabasamu kidogo. "Na safari hii usituwekee majani."

Kalista akajikohoza kuficha kicheko. Mwaka wa nyuma, kwenye tangi la majaribio, Gaudensia alikuwa ametandika kitanda kwa mtindo wa ntumba, wanavyolima Wafipa: unakata majani mabichi, unayafukia ndani ya tuta, yanaoza, maharage yanashangilia. Bibi yake alilima hivyo, na bibi wa bibi yake. Shambani ntumba inapumua. Chini ya maji majani yale yaliozea gizani bila hewa, na siku ya sita mapovu yalianza kupanda yakinuka mayai viza. Mmea hata mmoja haukupona, na kituo kizima kilifanyia kazi uwanjani siku mbili. Tangu hapo walikuwa wanamwita Mama Ntumba, kwa mapenzi.

"Magololi," Gaudensia alijibu, naye aliamini hivyo.

*

Siku ya nne alikuwa anaosha vyombo vya chai. Glasi ile aliyoitemea bado ilikuwa dirishani, nyuma ya pazia, pale alipoisukuma kwa aibu. Aliichukua aimwage.

Hakuimwaga.

Tope lilikuwa limetua chini, unene wa kucha. Maji ya juu yalikuwa meupe. Na kutoka kwenye tope ulikuwa umesimama uzi mmoja wa kijani, mwembamba kuliko unywele wa mtoto, una vijani vimezunguka pingili kama vijiti vya mwavuli. Jua la saa tatu liliingia dirishani likaupiga. Ule uzi ukaanza kutoa mapovu. Povu moja kwenye ncha ya kila jani, dogo kama ncha ya sindano, linakua, linatetemeka, linaachia, linapanda juu likiwaka kama almasi. Halafu lingine. Halafu kumi. Uzi ulikuwa unapumua.

Katikati ya mapovu kulikuwa na vitu vinarukaruka, vidoti vyenye jicho moja, na ndani ya mgongo wa kila kidoti vilionekana vidoti vingine vinavyosubiri zamu.

Gaudensia alishika glasi kwa mikono miwili kama padri. Alikuwa anaujua uzi ule. Nyuzi za Msole. Hazikuwepo kwenye ziwa lingine lolote, na tangu matingatinga hazikuwepo popote. Ponsiano alikuwa anazizamia. Alikuwa kaka mkubwa sana, wa kwanza kuzaliwa na yeye wa mwisho, miaka kumi na miwili katikati yao. Alikuwa anavuta pumzi, anapotea chini mpaka mdogo wake anaanza kulia, halafu anaibuka na konzi ya kijani, anamvisha shingoni, "Haya malkia, mkufu wako." Ukimeremeta, ukinuka samaki.

"Kalista," akaita. "Kalista, njoo mwanangu. Njoo taratibu, usikimbie na tumbo hilo."

Kalista akaja, akainama, akaangalia. Muda mrefu mno. Alikuwa mtu wa utani kila saa, lakini alipoinuka macho yalikuwa yamejaa.

"Halikufa," alisema.

"Lilikuwa limelala."

"Wataalamu wote wale, na maji yao ya dawa." Kalista akafuta pua. "Limeamshwa na mate yako, Mama Gau."

Aliipeleka glasi kwenye Mwiga, akapima. Jibu lilikuwa rahisi mpaka linachekesha: joto la mdomo, chumvi kidogo ya mate, na kutafunwa. Maji ya namna hiyo mtu anaweza kuyatengeneza kwa ndoo na chombo cha kuchemshia. "Au tutafune wote," Kalista alisema. "Visahani tisini na tisa. Mimi niko tayari, nina kisingizio." Na viumbe waliotoka kwenye gesi ya usingizi, mashine ikaandika, wanaamka na njaa ya miaka thelathini na moja, ndiyo maana wanakua kwa haraka ya namna hii.

Halafu Kalista akainama. Akasogeza kioo cha kukuzia.

"Kuna mwingine," alisema.

Kwenye ukuta wa glasi, kwa ndani, kulikuwa na kitu cha ukubwa wa mbegu ya haradali. Rangi ya kahawia. Kimejikunja upande wa kushoto. Kilikuwa kinapanda polepole, na pembe mbili laini mbele.

Gaudensia alimjua kabla ya mashine kumtaja. Kila mwenye diploma ya uvuvi anamjua. Konokono wa kichocho.

*

"Mtoe," Daktari Mgaya alisema. "Mtoe, muue, na tope lote lirudi kwenye gesi."

Hakuwa anasema kwa ubaya. Alikunja kikaratasi chake, akakikunja tena.

"Kabla sijawa daktari wa maziwa nilikuwa daktari wa watu, Gaudensia. Nimepokea chupa za mkojo mwekundu kama juisi ya rosela. Watoto wa darasa la tatu. Unajua walichokuwa wananiambia?"

"Najua."

"Kwamba wamekuwa wanaume."

"Nimesema najua, Daktari."

Alijua kwa sababu kwao ndivyo walivyoamini. Mtoto wa kiume wa Msole alipokojoa damu mara ya kwanza, wenzake walimpiga mgongoni wakampongeza. Ponsiano alipongezwa akiwa na miaka kumi na moja. Baadaye zilipoletwa dawa shuleni, Gaudensia mdogo alimeza vidonge vyake akashangaa vilivyo vichungu. Ponsiano alikuwa ameshakuwa mtu mzima, mvuvi, akacheka. Dume gani linakwenda kutibiwa udume? Alikuwa na miaka ishirini na minne figo zilipomgomea. Alivimba miguu mpaka viatu vya baba havikumwingia. Akazikwa bila viatu.

"Ndani ya huyu hakuna ugonjwa," Kalista alisema. Alikuwa amemsoma konokono kwa Mwiga mara tatu. "Ametoka kwenye yai, na yai halirithi. Minyoo humwingia kutoka kwa watu. Mtu mgonjwa akikojoa majini, konokono anapokea. Yeye ni nyumba tu, Daktari. Mpangaji anatoka kwetu."

"Sasa unajenga nyumba ya nini kama hutaki mpangaji? Watu wanakojoa majini, Kalista. Wamekojoa tangu Adamu. Hakuna nyumba, hakuna kichocho, na mwanao huyo hapo tumboni anaogelea salama mpaka anazeeka. Magololi hayajawahi kuzika mtoto wa mtu." Akamgeukia Gaudensia, sauti ikashuka. "Uamuzi ni wako, sheria ni sheria. Mimi nakuomba tu kama binadamu."

Gaudensia aliomba apewe siku tatu.

Alichukua glasi mbili. Akaugawa uzi, ambao sasa ulikuwa na matawi, nusu huku na nusu kule, tope sawa, maji sawa, jua sawa. Kwenye glasi moja akamwacha konokono. Kwenye nyingine hakumwacha. Akakaa. Aliacha hata umbea.

Siku ya kwanza glasi zilifanana. Siku ya pili, kwenye glasi isiyo na konokono, vijani vilianza kuvaa manyoya ya kijivu, ute kama wa bamia. Siku ya tatu mapovu yalikoma. Uzi ulikuwa umezibwa, umeinama, unaoza kuanzia nchani.

Kwenye glasi ya pili konokono alikuwa kazini. Alipanda uzi kama fundi umeme anavyopanda nguzo, jani moja baada ya jingine, akilamba. Alipopita, hapakuwa tena na ute. Nyuma yake majani yalibaki yanang'aa, na povu likarudi kwenye kila ncha. Alikuwa anaosha ziwa. Mdudu wa ukubwa wa haradali, bila mshahara, bila kusifiwa, na jina lake kwenye vitabu vyote ni jina la ugonjwa wetu.

Gaudensia aliangalia mpaka shingo ikauma. Alijikuta anafanya ishara ya msalaba na hakujua kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo hakukuwa na Msole wa kuchagua nusu. Ukitaka nyuzi, unamchukua na konokono. Usipotaka konokono, chukua magololi, chukua mimea ya kigeni na maji ya kioo, upate ziwa zuri ambalo Ponsiano akifufuka atalipita akiuliza, samahani jamani, Msole iko wapi?

"Kalista," alisema bila kugeuka. "Ungekuwa wewe?"

Kalista alikuwa na mkono tumboni. "Ningekuwa mimi ningeogopa," alisema. "Halafu sijui."

"Mimi nilikuwa nakojoa majini," Gaudensia alisema.

"Eh?"

"Kila siku. Maji yalikuwa ya baridi asubuhi, unajiachia upate joto. Wote tulifanya. Nimekaa miaka yote hii namchukia konokono." Akagusa ukuta wa glasi kwa kidole. "Yeye hakumfahamu hata Ponsi. Sisi ndio tuliompa ugonjwa."

*

Siku ya kumi, saa mbili asubuhi, alivua pete, akakunja mikono ya sweta, akaanza.

Walikuwa wameviloweka visahani vyote tisini na tisa kwenye ndoo za maji ya joto la mdomo, na chumvi ya kupima kwa ncha ya kijiko. Gaudensia alilichekecha tope kwa mkono, polepole, akaondoa mawe. Daktari Mgaya alikuwa amesimama mlangoni, karatasi mkononi haijakunjwa. Alikuja kuona magololi yakimwagwa. Akaona tope. Hakuondoka, na baada ya muda alivua koti akabeba ndoo.

Kitanda kikawa cha ntumba. Ndiyo, ntumba. Chini akalaza tope, unene wa vidole viwili tu, likiwa na majani yake yaliyokwisha kuoza zamani, hasira zimeyaisha, hakuna tena cha kunuka. Hilo ndilo somo alilojifunza: bibi zake walifukia kibichi kwa sababu tuta lina hewa, chini ya maji unafukia kilichomaliza kufa. Juu yake akatandika mchanga wa mto, vidole vitatu, chembe za kati: zikiwa laini sana zinagandamana mizizi inakabwa, zikiwa kubwa sana tope linapenya juu. Akainua nyuma, akainamisha mbele, na hapa na pale akasukuma vituta vidogo kwa kiganja, kama shamba la bibi yake likionekana kutoka mlimani.

Kisha akaweka sahani juu ya mchanga, akafungua mpira, maji yakaangukia sahani ili yasichimbe. Maji yalipanda bila kishindo. Yalikuwa na ukungu, wakasubiri. Walikunywa chai nje. Wakarudi.

Ukungu ulikuwa umetua. Jua lilikuwa linaingia kutoka dirisha la mashariki, likapita kwenye mita tatu za maji mpaka chini. Na kutoka kwenye mchanga, kila mahali, zilikuwa zinachomoza ncha za kijani. Mamia. Zilikuwa zinatoka mbele ya macho yao, unaziona zikijinyoosha, visahani tisini na tisa, miaka tisini na tisa yote inaamka kwa pamoja na haijui kwamba kuna kilichopita. Vidoti vikaanza kurukaruka. Povu la kwanza likaachia. Halafu mengine, mpaka tangi lote likawa kama mvua inayonyesha kwenda juu.

"Mungu wangu," alisema Daktari Mgaya, na koti alilokuwa amelishika mkononi likamdondoka.

Kalista alikuwa analia na kucheka. "Anapiga teke," alisema, ameshika tumbo. "Anapiga teke huyu."

Gaudensia alibeba glasi yake kutoka dirishani. Akauzamisha mkono ndani ya Tangi Mama mpaka kwenye kiwiko. Maji yalikuwa na baridi ile ile. Akamwacha konokono atoke mwenyewe, ukingoni mwa glasi, kwenye kidole chake, kutoka kwenye kidole kwenda kwenye mchanga. Alitembea hatua zake, akasimama, akanyoosha pembe.

Lilibaki jambo moja. Sheria ilimtaka aliyeweka kitanda aseme neno. Mwiga ilikuwa inalitunza pamoja na ziwa, na lingesikika siku maji yatakapofika, kwa wote watakaokuwa wamesimama ufukweni, na kwa watakaokuja baada yao. Fundi wa Tegu alisoma hotuba ya kurasa nne. Gaudensia hakuwa na karatasi. Kalista akawasha kipaza sauti, taa nyekundu ikawaka.

Gaudensia akasogea, mkono unadondosha maji sakafuni.

"Hamjambo," alisema. Akakohoa. "Mimi ni Gaudensia, wa mzee Kapele wa Msole, dada yake Ponsiano. Nimewawekea ziwa lote. Nyuzi zimo. Zamieni mkazione, mvisheni mtu shingoni. Konokono naye yumo, msimuue, ndiye anayewafagilia. Ugonjwa haumo. Nimeangalia mara nyingi, haumo. Ukiingia, utakuwa umeingia na ninyi, na mtoto akikojoa damu msimpongeze, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo." Akafuta mkono kwenye sweta, kama mtu aliyesahau alichokuja kufuata. "Nawaomba kitu kimoja tu. Ni kidogo. Jamani, msikojoe majini."

Taa nyekundu ikaendelea kuwaka. Kwenye tangi mapovu yalikuwa yanapanda. Alijua kwamba hakuna mtu upande wa pili, kwamba wengine wa kumjibu hawajazaliwa, mmoja wao alikuwa anapiga teke hatua tatu kutoka pale. Hata hivyo aliinamia kipaza sauti, akatega sikio, kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba yenye taa.

"Nimewaomba," akasema. "Mmesikia?"